Mbege ya Machela

Stella, mtafiti kutoka mtaa wa Soweto mjini, alikaa kihambani kwangu, chini ya migomba, akizitazama karatasi zake kama mtu aliyefiwa. Mwaka jana, kabla ya kadi za bima ya afya, kaya kumi na mbili zilimwambia zina mgonjwa. Mwaka huu, arobaini na moja. Keshokutwa angezipeleka Bomang'ombe, wakubwa wa wilaya waamue kama kata yetu iendelee kulipiwa.

"Baba Kindness, watasema bima inaleta ugonjwa."

Nikacheka, ila nikaacha haraka. Mama yangu, Ndelilio, anameza dawa za presha kwa kadi hiyo hiyo. Mwaka jana alijibu kwamba ni mzima, anaumwa kichwa tu, na kichwa chenyewe kilimwangusha mara mbili tukambeba. Sasa ugonjwa umepimwa, una jina, naye analitaja kwa madaha kama mwenye shahada.

Stella akasema hayo anayajua, lakini wakubwa wanataka kitu cha kuhesabika.

Hapo akaingia Eliudi, mwenzangu wa machela. Gari halifiki huku juu, kwa hiyo sisi wanaume wanne huwateremsha waliozidiwa hadi barabarani, na familia ya mgonjwa hutupikia mbege, pombe yetu ya ndizi. Stella akamwamkia shikamoo. Eliudi akaitikia, kisha akamshtaki: kadi zao zinamuua kwa kiu.

"Miezi sita kama hii mwaka jana tulishuka mara kumi na tisa. Tangu kadi zije, mara mbili. Machela yenyewe kuku wanatagia."

Stella akauliza ana hakika gani. Eliudi akashangaa, mtu anasahau vipi alikonywea? Akazitaja safari zote, nyumba kwa nyumba, na mbege ya nani ilikuwa nzito.

Kesho yake Stella akapita kila nyumba na kukagua daftari la zahanati. Akakuta safari za mwaka jana ni ishirini: moja Eliudi aliiruka kwa makusudi, mbege ilikuwa maji matupu.

Wiki mbili baadaye akapiga simu kutoka Bomang'ombe. Wagonjwa wanatembea wenyewe kwenda kutibiwa mapema, wakubwa wameliona hilo kwenye hesabu ya machela, kata inaendelea. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayerukaruka kwa furaha.

Mama akapika mbege, akatuita wote wanne. Eliudi akauliza nani mgonjwa, ili akaitoe machela kwa kuku.

"Mimi," akasema mama, akimjazia kata ya kibuyu hadi ukingoni. "Hii ni ya kutonibeba."