Daraja Lisilo Lake

…na kiduara bado kinazunguka kwenye simu, Tunakutafutia mpinzani wa kiwango chako, kiwango kipi sasa, Dhahabu eti, Dhahabu gani ya mtu anayecheza kwa dole gumba la kushoto kwa sababu mkono wa kulia umelala mapajani kama wa kuazima, tangu kiharusi kimwangushe kazini, yeye fundi wa lifti za majengo marefu, leo kijiko tu kinamtoa jasho… na chumba cha pili binti yake anapiga pasi, mvuke unafoka, anaimba kwa pua, hana habari… maana mchezo wenyewe ni wa ngome, ukishinda unapanda, ukishindwa unashuka, mpaka ukutane na watu wa saizi yako, leo wewe kesho wao, basi mbona yeye kila akicheza anachapwa, ngome inavunjwa hata ukuta hajamaliza, na bado akiamka usingizi wa dawa anajikuta palepale Dhahabu, na mtu mzima akafurahi, akaona akili inarudi, akamtambia hadi yule mama wa mazoezi ya viungo kwamba amerejea kwenye daraja lake la zamani, mama wa watu akampongeza… aibu gani hii… mpaka leo alipofungua michezo iliyopita akaitazama ikirudiwa, farasi wanatoka mbio hata tofali moja la ukuta halijawekwa, na yeye tangu aujue mchezo huu hajawahi kutoa farasi kabla ya ukuta, huyo ni binti yake, ndivyo alivyocheza tangu shuleni, mkali, hana subira, shangazi yake mtupu… kwa hiyo baba akilala mtoto anachukua simu, anampandisha, anairudisha chini ya mto… alitaka kukasirika, hasira ikaja ikaishia njiani, kwa sababu alimwona kichwani, ametoka kazini miguu imevimba, amekaa kwenye kiti hikihiki kumpigania baba yake na watu asiowajua… lakini mama, mwanangu, ukinipandisha unanipeleka kwa wanaonizidi, wananitandika kutwa, nami nakaa hapa nikidhani kichwa ndiyo kinakwisha, kumbe nimepewa tu watu wasio wangu… hilo ndilo lililomchoma, uongo wenyewe angeumeza… “Mama,” akamwita binti yake, ulimi ukilivuta neno kama gunia, na pasi ikanyamaza, “usinichezee tena. Niache nishuke.” Binti akatokea mlangoni na shati mkononi, hakukana, hakuuliza amejuaje, alitazama tu ule mkono uliolala, halafu akasema, “Utafika mpaka Shaba, chini kabisa, baba. Kule wanatukana.” “Watanizoea,” akasema, na mdomo wake ukacheka upande mmoja, ule unaoweza, naye binti akabaki pale akilikunja shati ambalo halikuhitaji kukunjwa, kisha akarudi kwenye pasi yake, safari hii bila kuimba, na mpinzani bado hajapatikana, na awe yeyote atamchapa, huyu na anayemfuata na wa kesho, sawa, wamchape, atashuka ngazi kwa ngazi na ukuta wake kwanza na farasi baadaye, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali hakuogopa kushindwa, alitaka tu kujua ni wapi hasa ataacha kushuka, maana hapo, hata pawe chini namna gani, atakuwa amefika mwenyewe.