Rangi ya Uso wa Baba Mkwe

Wifi yangu Nancy aliingia ofisini kwangu bila hodi, akaitupa simu yake juu ya meza kama mtu anayerudisha samaki walioharibika.

"Sikiliza kazi yako," alisema.

Ilikuwa sauti ya shangazi Beatrice, aliye kitandani kule Karonga, Malawi, ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, tangu masika. "Huyo si Nsajigwa. Uso wa njano, macho ya njano, mara zambarau. Kaka yangu anaumwa na ninyi mnanificha. Nataka kumwona alivyo kabla sijafa."

Nsajigwa ni baba mkwe wangu. Miguu yake haimbebi tena, na dada yake naye hawezi safari, ndiyo maana ndugu waliamua arekodiwe akimsalimia. Mimi ni mpiga video hapa Kyela mjini, kazi ikaniangukia. Nancy alitaka mtu kutoka Mbeya na hajanisamehe mpaka leo.

Tatizo ni kwamba mzee bado anashika mwiko ambao nyumba nyingi za Wanyakyusa zimeshaulegeza: mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Tangu niolewe, akija huku mimi napita kule nyuma ya migomba. Namjua kwa kikohozi chake na kwa viatu vyake. Siku ya kurekodi nilifunga kamera kwenye stendi, nikamkalisha mume wangu Lugano kwenye kiti cha baba ili nipate vipimo, kisha nikatoka nikaenda kukaa jikoni. Kubonyeza alibonyeza Nancy. Lakini kwanza aliwasha zile taa zake za mkanda zinazobadilika rangi, alizozibandika ukutani, eti baba apendeze. Video ilipokwisha sikuitazama, kwa sababu kumtazama kwenye picha nako ni kumtazama. Nancy naye alitazama mwanzo tu, akaituma Karonga.

Taa za namna ile huwaka na kuzima upesi mno, jicho la mtu halioni. Kamera inaona. Ukiacha shata ijiamulie yenyewe, yaani ule muda ambao kamera hufumbua jicho kwa kila picha, ikawa fupi kupita kiasi, inanasa taa imewaka hapa na imezima pale, na uso unajaa michirizi ya rangi inayotambaa. Dawa ni kuzima taa hizo, au kurefusha shata huku unatazama kioo cha kamera mpaka michirizi iishe. Lakini lazima awepo mtu wa kukitazama hicho kioo.

"Uliharibu makusudi," Nancy alisema.

"Taa ni za nani?"

"Na kamera ni ya nani?"

"Wifi, toka ofisini kwangu."

"Natoka. Usipoisafisha leo nampigia yule wa Mbeya, na kwetu Ipinda nzima watajua tumeoa mwanamke wa namna gani."

Akatoka. Kisha nikaifungua ile video na uso wa mzee ukajaa kioo chote cha kompyuta. Niliona aibu, nikainuka kufunga mlango. Kazi yenyewe nilifanya vizuri: niliiamuru kompyuta ichanganye kila picha na jirani zake, michirizi ikafifia, zambarau ikaondoka. Njano ikabaki. Ili kuiondoa nilitakiwa kujua rangi halisi ya ngozi ya mzee, na katika ukoo mzima mimi peke yangu ndiye nisiyeijua.

Nikampigia Lugano. "Baba ana rangi gani?"

"Swali gani hilo? Kama yangu."

"Huyu ninayemwona hapa ni wa njano."

"Basi ni taa. Itoe."

Nikaitoa. Nikaipunguza njano kidogokidogo mpaka yule mzee akawa na ngozi ya mume wangu, na macho meupe kama ya kijana. Ilipendeza kweli, na nikaichukia. Shangazi aliomba kumwona kaka yake, mimi nilikuwa namtengenezea mtu mwingine. Nikabeba kamera, nikapanda bodaboda hadi nyumbani kwa mzee Ipinda.

Nancy alinizuia mlangoni, mkono mmoja huku na mwingine kule. "Unakwenda wapi? Baba yuko ndani."

"Ndiye niliyemfuata. Narekodi upya, na safari hii nasimama nyuma ya kamera."

"Huna hata haya. Unataka kumvunjia heshima baba yangu kwenye nyumba yake?"

"Heshima ndiyo iliyotufikisha hapa. Sogea."

"Nancy," mzee aliita kutoka ndani, "mwache nkamwana apite."

"Baba, mwiko je?"

"Mwiko ni wangu. Anayeomba ni dada yangu."

Nikaingia nimeinamisha kichwa. Nilizima taa zote za Nancy, nikafungua dirisha, nikakigeuza kiti cha mzee kikiwa na yeye juu yake mpaka mwanga wa nje ukampata usoni. Nikaweka shata kwa mkono. Kwenye kioo cha kamera hakukuwa na mchirizi hata mmoja. Ndipo nikainua macho, nikamtazama.

Njano ilikuwepo. Ilikuwa kwenye weupe wa macho yake na kwenye viganja alivyovilaza magotini, na chumbani hamkuwa na taa hata moja iliyowaka.

"Umeshaipata hiyo rangi yako?" Nancy aliuliza kutoka mlangoni.

"Wifi, njoo umtazame baba."

"Namtazama kila siku."

"Njoo umtazame huku dirishani."

Alikuja kwa kishindo, mdomo ukiwa tayari kwa tusi. Akainama. Alimshika baba yake kidevu, akamgeuza polepole kwenye mwanga, upande huu, kisha upande ule.

"Tangu lini, baba?"

"Mlipoanza kugombania taa nilishukuru," mzee alisema. "Nilijua mtagombana muda mrefu." Kisha akanitazama mimi, akanishukuru. "Ndaga fijo, nkamwana. Sasa rekodi, Beatrice anione."

Nikabonyeza. Akaanza kumsalimia dada yake kwa Kinyakyusa, taratibu, akimtajia majina ya wazazi wao. Nancy alikuwa bado amemshika kidevu, na sikuweza kumwambia atoke kwenye picha.