Watu wa Chini Walivyokosekana

Haya alinisimulia mdogo wangu wa tumbo moja, mke wa dobi, mwaka jana alipokuja kunitazama mguu uliponivimba. Alinisimulia siku tatu, tukichambua mchele. Mengine aliyaona mwenyewe, na mengine mumewe alimpa kidogo kidogo, maana shemeji yangu ni mtu wa kumung'unya maneno mpaka yalainike ndipo ayatoe.

Mji wao umekatwa na reli. Upande wa juu kuna maghorofa na barabara zenye taa. Upande wa chini ndiko dobi alikozaliwa, na ndiko baba yake, dobi vilevile, alikofia. Huko wanakuita Chini tu. Katikati ya Chini palikuwa na uwanja wa kufulia, bomba kubwa, sakafu ya saruji na nguzo za kufungia kamba. Uwanja ule ulikuwa wa wote. Madobi kumi na wanne walikula hapo. Alfajiri waliloweka, jua likipanda wakaanika, na adhuhuri uwanja mzima ukawa mashuka matupu, mtu akiitwa na mwenzake anaifuata sauti tu.

Sasa, Chini ilikuwa na jina baya. Zamani palikuwa na wezi. Wezi wakazeeka, jina likabaki kijana. Ukienda kuomba kazi ukasema unakaa Chini, unaambiwa utapigiwa simu, na namba yako hawajaiuliza. Basi watu wakajifunza. Muuguzi aliandika anakaa Juu. Mlinzi aliandika Juu. Mwalimu mkuu, akiwajazia watoto fomu za sekondari, aliandika Juu darasa zima bila kumuuliza mtu. Dobi naye risiti zake zilisema Juu ya Reli, maana nani atampa suti yake mtu wa Chini? Hawakuona kuwa ni uongo. Waliona ni kama kunawa uso kabla ya kutoka.

Ikaja kampuni ya majengo, ikautaka uwanja ule ijenge maduka. Mara tatu shauri lilifika baraza la mji, na mara tatu diwani wa Chini alilikataa. Sheria yao ilikuwa hivyo: diwani wa kata asipotia sahihi, ardhi ya wote haiguswi. Diwani huyo walimwita Kipaza kwa ajili ya sauti yake. Malaika hakuwa.

"Msinishukuru," aliwaambia madobi. "Mimi nakipenda kiti changu. Ila kiti kina miguu, na miguu ndiyo nyinyi."

"Basi miguu yenyewe ipake hata vanishi, mheshimiwa," dobi akamjibu, na watu wakacheka, hata Kipaza.

Mwaka uleule ikatangazwa kwamba kata zitapimwa upya. Kata isiyofika watu elfu nane itafutwa, iunganishwe na jirani yake. Kipaza akazunguka na gari siku mbili akiwahimiza watu wahesabiwe. Kwenda nyumba kwa nyumba kulionekana kunachukua muda, kwa hiyo makarani waliwaandika watu popote walipowakuta, kazini au sokoni, na kila mtu akaulizwa anakaa mtaa gani.

Karani alifika uwanjani siku ya Alhamisi, msichana mpole mwenye kishikwambi. Dobi alikuwa anapiga pasi, na mbele ya meza alisimama mama wa hoteli, yule anayeleta mashuka na mashati, akikagua kola.

"Shikamoo mzee. Unakaa mtaa gani?"

Dobi akamtazama mama wa hoteli. Mama hakuinua kichwa, lakini mkono wake ulisimama juu ya kola.

"Juu ya Reli," dobi akasema.

"Nyumbani mko wangapi?"

"Watano. Mimi, mama yangu, mke wangu na mabinti wawili. Wote Juu."

Mdogo wangu alikuwa pembeni akinyunyizia nguo maji. Alingoja mpaka wageni wakaondoka.

"Baba watoto, umesema Juu."

"Nimesema."

"Na kata je?"

"Mke wangu, huku tuko kama mchanga. Watano tukitoka, nani ataona shimo?"

"Haya. Mchanga nao huchotwa kwa koleo."

Alisema vile kumtania. Hakujua kwamba saa ileile muuguzi alikuwa anaulizwa mbele ya mkubwa wake, na mlinzi mbele ya tajiri wake, na kila mmoja akijiambia kuwa mmoja hapunguzi kitu.

Mwezi wa pili yake karatasi ikabandikwa. Chini ya Reli, watu elfu tatu na ushee. Kata imefutwa, imeunganishwa na Juu. Mwenye kupinga apinge ndani ya siku kumi na nne, na aje na karatasi yoyote inayoonyesha kuwa anakaa Chini.

Dobi hakulala vizuri siku hizo. Hakumlaumu mtu, maana alijua jibu lake mwenyewe. Akatoa sanduku la chini ya kitanda, akamwaga vyote mkekani: leseni, risiti, kadi za kliniki za watoto, ripoti za shule, hata kadi ya harusi yao. Mdogo wangu alizisoma moja moja kwa kidole. Juu. Juu. Juu ya Reli.

"Hata tulioana Juu," akasema.

"Baba yako ndiye aliyetaka iandikwe hivyo."

"Marehemu umwache apumzike. Mhusika ni wewe."

Wakaenda hivyohivyo, na foleni ofisini ilikuwa Chini nzima, kila mtu na bahasha yake. Karani alikuwa msichana yuleyule. Akazipitia karatasi za dobi, akazipanga vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Binti yangu, uliniona kwa macho yako nikifanya kazi Chini."

"Nilikuona, mzee. Lakini kazini si nyumbani. Nilikuuliza nyumbani, ukaniambia."

"Nilidanganya."

"Na hizi karatasi zote nazo zilidanganya?"

"Nazo."

Msichana akakuna paji la uso. "Mzee wangu, mimi nakuamini. Ila nikiandika hivyo, mkubwa wangu ataniuliza: mtu aliyedanganya miaka thelathini, leo ndiyo anasema kweli?"

Dobi akazirudisha karatasi kwenye bahasha. Akataja mashahidi, naye akaambiwa shahidi awe mkazi wa Chini aliyeandikishwa Chini. Akageuka kuitazama foleni. Watu wakatazama viatu vyao.

Aliyekubaliwa siku ile ni Kufuli. Huyu zamani alivunja maduka, na sasa hutengeneza makufuli, ndipo jina likampata. Alikuja na karatasi nne za polisi, na zote nne zilimwandika mkazi wa Chini, maana polisi hawakumuuliza mtu, waliandika walikomkamata. Akasimama mbele kama bwana harusi.

"Si mliniambia niache wizi?" akawaambia wenzake akitoka. "Sasa mwizi ndiye raia."

Watu walicheka, lakini kicheko hakikufika mlangoni. Kwa siku zote kumi na nne waliopatikana walikuwa kumi na saba, Kufuli na wa aina yake, na vikongwe wawili ambao hawajawahi kuomba kazi kwa mtu.

Kipaza akakusanya vitu vyake. Diwani wa Juu akawa diwani wao, mtu wa adabu, anayekutazama usoni ukisema. Madobi walikwenda kumwona. Aliwaletea viti na maji ya kunywa.

"Wazee wangu," alisema, "sijamfukuza mtu. Nyinyi wenyewe mmeandika kuwa ni watu wangu. Na watu wangu wengi wanataka maduka."

Akatia sahihi wiki ileile. Uzio wa mabati ukapanda kuzunguka uwanja. Dobi alijaribu kufulia nyumbani kwa maji ya ndoo, lakini mashuka ya hoteli hayaenei kwenye ua wa hatua sita. Yakaanza kurudi hotelini na alama za moshi wa jikoni. Mama wa hoteli akaja mwenyewe kumwambia wamenunua mashine ya kufulia. Alimwita kaka, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli.

Siku mashine ya kubomoa ilipoanza kuvunja sakafu ya saruji, dobi alikwenda akasimama nje ya uzio, akarudi saa nane mchana. Mama yake, bibi kizee asiyeona vizuri, alikuwa kitandani kwake.

"Mbona mapema, mwanangu? Nguo zimekauka?"

"Zimekauka, mama."

"Jua la leo kali." Akajifunika, akalala.

Mabinti walirudi, wakala, wakajilaza chumbani kwao mpaka joto lipungue. Mdogo wangu alijilaza mkekani karibu na mumewe, akangoja aseme neno. Usingizi ukamchukua akiwa bado anangoja. Dobi alibaki macho, akiusikiliza mshindo wa mashine ukipita ukutani. Jua lilipozama wakaizima. Akasikiliza tena kidogo, kama mtu aliyeitwa, kisha akageukia ukuta, naye akalala.