Kilio cha Upande wa Pili

...na sasa anaigeuza santuri, nilijua tu, kila Ijumaa wageni wakishashiba jibini lazima sir awape upande wa pili, yeye na bendi yake ya ujanani kule Uholanzi, roki iliyochanganywa na jazi, santuri moja tu waliyoitoa na hakuna aliyeinunua, anaishika kama mtoto mchanga, miguu pekupeku juu ya meza ninayoifuta mimi, kucha za njano, kinyaa kitupu, kinanda kinapanda, saksafoni inakoroma, halafu ndani ya wimbo inaingia sauti ya yule mama... sir anaeleza alivyomnasa kwenye kanda karibu na Kakamega, mwaka sabini na tatu, alikuwa akipita tu, wanawake wakiimba kwa furaha, anasema, furaha, Mungu wangu, na yule mama anaita Gerishom, Gerishom amka, wenzako wamekuja kukuzika, mbona umenitangulia mwanangu, kwa Kiluhya cha nyanya yangu kabisa, na kwetu kilio kikisikika hata mwenye mzigo kichwani husimama, mimi hapa nazungusha zeituni... mgeni mwenye shati la kitani anamwigiza, ameachama, ooo, ooo, wanacheka, mafuta yanamng'aa kidevuni, ningemtapikia papo hapo... mgeni huyo anasema eti wiki ijayo binti yake anaolewa, hotelini Deira, hapa hapa Dubai, atafungua dansi kwa wimbo huu huu, na sir macho yamemlowa, miaka arobaini na kitu hajapata wa kumsifu, ananigeukia, Ivy, waambie, si huu ni wimbo wa harusi kwenu... nilijua ipo siku ataniuliza, nilimweleza Jotham, mlinzi wa getini, naye akaniambia, "Dada, huyo ndiye kafeel wako, mdhamini wako, sema yes sir, khalas, yaishe, visa isikatwe," na ana haki, wanangu wanakula kwa visa hiyo, neno ni fupi, liko tayari mdomoni, na linanuka, linanuka kuliko hizo kucha, maana nikilitoa bibi harusi atacheza juu ya maiti ya mtoto wa mtu, na mimi ndiye nitakuwa nimempa ruhusa... wote wananitazama, glasi ya sir iko hewani, mama bado anaita, basi anirudishe Kenya, nitawalisha wanangu kwa kitu kingine, nitasema taratibu, bila kulia, si harusi, sir, ni matanga, na marehemu aliitwa Gerishom.