Hodi kwa Mwenye Mji

Mpima ardhi alipofika, bibi fundi alikuwa barazani akigeuza kola ya shati la jirani yake kinyozi, upande uliochakaa uende ndani. Kijana akaamkia vizuri, "Shikamoo, bibi," kisha akachovya brashi kwenye rangi nyekundu na kuchora X kubwa ukutani.

"Marahaba. Ndiyo nini hiyo?"

"Barabara, bibi. Serikali imeichukua nyumba hii kwa faida ya umma. Utapewa kiwanja ng'ambo ya mlima."

"Kwani mimi si umma?"

"Umma ni watu wote."

"Kama ni wote, mbona nahama peke yangu?"

Kinyozi akacheka mpaka akaegemea nguzo. Mpima ardhi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akakaa kwenye ngazi asubiri rangi ikauke. Bibi akamfanyia kama anavyowafanyia wote wanaosubiri pale.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Naingia kwa mlango mmoja, natokea kwa miwili."

Kijana akataja stendi, akataja hospitali, akataja hata pua.

"Umeshindwa. Nipe mji."

Mchezo ndivyo ulivyo: anayeshindwa hutoa mji, ndipo apewe jibu. Watu hutaja mji wa mbali, usiomuuma mtu. Mpima ardhi alikuwa na haraka.

"Haya, chukua huu huu."

"Wote?"

"Wote, bibi, na ofisi zake."

"Nimeupokea. Jibu ni suruali, na umeivaa."

Kesho yake milango ya mji haikufunguka. Funguo zilizunguka, vitasa vilishuka, milango ikakaza kama mtoto aliyekataa dawa. Muuguzi wa zahanati, aliyekwisha kusikia kwa kinyozi habari za kile kitendawili, akageukia upande wa nyumba ya bibi, akaita, "Hodi!" Bibi akajibu kutoka barazani, "Karibu, mwanangu," na zahanati ikafunguka. Ndiyo haki yenyewe: mwenye mji ndiye hukaribisha.

Kufika adhuhuri watu walikuwa wameshazoea. Tangu siku hiyo waoka mikate wakawa wanaita alfajiri, walimu wanafuata, na wapenzi wanaita kwa kunong'ona, wakwe wasisikie. Bibi alikaribisha huku anashona. Ofisi ya ardhi tu ndiyo hakuijibu. Mkuu wake alisimama nje na tai yake, akibisha hodi mpaka sauti ikamkauka.

"Bibi, huwasikii wale?" kinyozi akauliza.

"Masikio ninayo, baba. Karibu ndiyo imeniishia."

Mkuu hakubishana. Aliitisha kikao palepale nje, mihuri ikagongwa juu ya boneti ya gari, na katapila likaja. Katapila halipigi hodi. Huingia kupitia ukutani. Likaangusha baraza, likaangusha na chumba alichozalia wanawe. Bibi alisimama ng'ambo ya njia amekumbatia cherehani, wala hakutoa chozi la kuwafurahisha.

Barabara ilijengwa, na magari yanapita pale palipokuwa na kitanda chake. Kiwanja cha ng'ambo ya mlima hakwenda hata kukitazama. Anashonea kwenye kibanda cha kinyozi, na mji mzima unamwitia huko. Watumishi wa ardhi wanafanya kazi chini ya miamvuli. Kila mkuu mpya akija, hudhani waliomtangulia hawakujua kuita, basi hukohoa, hujinyoosha, hupaza sauti.

"Hodi, mama!"

"Nani?"

"Ardhi!"

"Ardhi ipi?" huuliza bibi, na kukanyaga cherehani.