Sikupotea Osaka

"…yuan elfu ishirini, Murshid, nilikuwekea mezani hapa hapa, noti juu ya noti, ukazipitisha kwenye mashine yako mara mbili kana kwamba mie mgeni wa jana, na leo waniambia kumi," na sauti yake mwenyewe Sihaba aliisikia ikigonga kioo cha mlango ulioachwa wazi na kurudi, ikapenya hadi koridoni, ghorofa ya saba ya jengo la Tianxiu, Guangzhou, ambako watu walikuwa wamekalia marobota yao wakisubiri kupimiwa kilo, na wasikie, nani kasema ugomvi wa haki hupiganwa kwa kunong'ona, kumi, ati kumi, na ile ni amana, pesa ya kumfunga mtu kamba asije akazamia Japani, unakwenda na ziara ya Murshid unaiacha kwake, unarudi na muhuri kwenye pasipoti unahesabiwa yote, ndivyo walivyopatana, na yeye karudi, muhuri huu hapa, azamie wapi mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye kontena mbili njiani na goti linalouma… "Bi Sihaba, mama, kaa kwanza unywe maji," anasema Murshid, kwa sauti ile ya asali aliyoianza tangu alipoacha kusafirisha mizigo akaanza kusafirisha watu, na huyu huyu, miaka tisa nyuma, alipotua uwanja wa ndege wa Baiyun na begi moja na anwani iliyolowa jasho, nani alimpokea kama si yeye Sihaba, nani alimpandisha metro, nani alimpeleka soko la nguo la Shisanhang alfajiri akamfunza kwamba nguo ukiipenda usiishike mara mbili, watakuona, na leo anamsukumia karatasi, karatasi imeshaandikwa yote, imebaki sahihi tu. "Siku ya tatu hukuonekana saa sita nzima, mama. Wenyeji wangu wa Osaka wamenitoza faini. Sasa ukiandika kwamba ulipotea njia, basi, ni bahati mbaya, nakurudishia kumi leo leo, taslimu. Ukisema ulitoka kwa kutaka kwako, huko ni kutoroka, na anayetoroka amana yake yote inakwenda. Mie nakutafutia njia." Ananitafutia njia, njia ya kuingilia mfukoni mwangu, na Kauthar pale kwenye kochi, ambaye walilala chumba kimoja siku zote tano za ziara, anamvuta pindo la buibui, "Da Sihaba, chukua tu hizo kumi twende, saa sita mchana hii," na ni kweli ni saa sita, na hapo ndipo panapouma, kwa sababu kumi zingetosha, kule Shisanhang yule laoban wake, yule mama tajiri wa duka mwenye nywele fupi, amemwekea dazeni mia tatu za nguo za watoto za sikukuu mpaka saa saba mchana, saa saba wanashusha milango, na Mchina wa Shisanhang hakuwekei kitu mara mbili, salio lake ni elfu tisa na mia nane, elfu tisa na mia nane, kana kwamba Murshid amechungulia daftari lake… kalamu hii hapa, neno moja tu, nimepotea, nani atajua, kila mtu hupotea. Amepotea Sihaba? Hebu jiulize, ulipotea? Siku ya kwanza, labda, siku ya kwanza alikuwa kama kuku aliyeletwa mtaa mgeni, kwenye treni simu ikamlia akaipokea kwa sauti ya Guangzhou, "Haloo! Kontena limefika?" na behewa zima watu wakainamia magoti yao, hakuna aliyemkemea, wakainama tu, na kuinama kule kukamchoma kuliko tusi, akaizima simu akaitia ndani kabisa ya mkoba kama mwizi, na jioni ile kwenye duka la miavuli akauliza bei, akaambiwa, akacheka kama anavyocheka kila siku, akataja nusu, muuzaji akataja ile ile, basi yeye akafanya linalofanywa, akageuka akaondoka, taratibu, hatua kumi, kumi na mbili, mgongo umenyooka, akingoja kuitwa, maana popote duniani ukiondoka kwa mwendo ule unaitwa, "rafiki, rafiki, njoo, bei ya mwisho," akafika kwenye kona, hakuitwa, akasimama nyuma ya kona, akahesabu mpaka thelathini, akachungulia, na yule muuzaji alikuwa bado amesimama mlangoni, akamwona akichungulia, akainamisha kichwa kwa heshima zote, na mvua ikanyesha, akarudi akalipa bei ile ile kamili, na Kauthar alicheka mpaka akakaa chini… lakini huko si kupotea, huko ni kujifunza, kwani hata Kichina nani alimfunza, alikisoma kwenye maboksi, boksi kwa boksi, herufi moja leo na moja kesho, hili ni chepesi kuvunjika, hili ni juu, hili ni usirushe, hana shule aliyoimaliza yeye, alichonacho amekiokota mwenyewe, na herufi hizo hizo ndizo zilizomponza siku ya tatu, au ndizo zilizomwokoa, maana siku ya tatu asubuhi, badala ya ngome ya kale waliyoahidiwa, wakashushwa watu kumi na moja mbele ya jengo lisilo na jina, wakapandishwa orofa, wakafungiwa mlango, na dada aliyevaa koti jeupe kama daktari akaanza kuwaonyesha mabirika ya umeme, ya Kijapani asilia, maji yake yanasafisha damu, bei yake ukiigeuza ni yuan elfu moja na mia mbili, na Murshid amesimama nyuma anatabasamu, na hili ndilo kosa la Murshid, kosa lake moja tu na kubwa, amewachukua watu kumi na moja wa Tianxiu na mtaa wa Xiaobei, watu ambao hata wakialikwa harusini hugeuza sahani kutazama imetoka kiwanda gani, akadhani watatazama birika kwa juu. Sihaba aliligeuza. Hakufikiri, mkono uligeuza wenyewe, mkono wa miaka kumi na nne sokoni, na chini pale palikuwa na kibandiko cha Kijapani, Kijapani hajui, lakini herufi za mwanzo alizijua kuliko mistari ya kiganja chake, zile mbili zinazoandikwa kila boksi alilowahi kulipakia, Uchina, na mpini nao akaujua, ule wa kubonyea kidogo kwa gumba, aliwahi kuununua mzigo mzima Foshan, jirani na Guangzhou, vipande mia nne, yuan tisini kimoja, akacheka, Mungu amsamehe, akacheka kicheko cha tumbo mbele ya koti jeupe, akasema kwa Kiswahili cha kueleweka na kila mtu mle ndani, "Jamani, hili tumekuja nalo ndege moja," na Maulid wa Kariakoo, aliyekuwa ameshika mawili, moja la mama yake na moja la mkwewe, akayaweka chini polepole kama mtu anayeweka mayai, kisha wa pili, kisha wa tatu, kumi na moja wote, tik, tik, tik, mezani, na tabasamu la Murshid likakauka… faini! Hiyo ndiyo faini, si ya saa sita, ni ya mabirika, wenyeji wake walikuwa na chao katika kila birika na yeye alikuwa na chake, na sasa faini anataka kuikamua kwa Sihaba, tena kwa sahihi yake Sihaba mwenyewe. "Mama, wateja wananingoja," anasema Murshid, na kidole chake kinagonga karatasi, pale, pale, "andika basi." Na kwa nini asimwambie, kwa nini ulimi wa Sihaba, ambao haujawahi kungoja ruhusa ya mtu, umelala kinywani kama umemwagiwa gundi? Kwa sababu baada ya mabirika alifungua mlango akatoka, hilo ni kweli, alitoka kwa kutaka kwake, hakuaga, na saa sita zile hajamwambia mtu, hata Kauthar, na hapo ndipo penye mwiba, maana yeye Sihaba, ambaye jengo zima linajua kwamba hana maneno mawili, ambaye kitambaa kikiwa na kasoro huionyesha mwenyewe kabla mteja hajaiona, alipoondoka kwenda Osaka aliwaambia watu wote uongo. Alisema anakwenda kuangalia mashine za kushonea. Angesemaje, hapa hakuna anayesafiri bure, mtu akienda choo anaulizwa kaleta nini, ungesema Bi Sihaba anakwenda kutembea tu, kutazama, ungechekwa kutoka hapa mpaka Darajani, Unguja, mjane mwenye wajukuu, kutalii, kutalii ni kwa wale, wale wenye kaptula na kofia waliokuwa wakipita vichochoroni kwao Mji Mkongwe, na ghafla iko pale, kadi ile, ana miaka tisa, sinia la kashata kichwani, mzungu mmoja alimpiga picha bila kumuuliza, na mwaka uliofuata akajikuta duka la Shangani, amening'inizwa kwenye waya, kadi ya posta, yeye, na sinia lake, na kidonda chake cha mguuni, inauzwa kwa dola, akanyoosha mkono aishike, mwenye duka akampiga kofi la vidoleni, "Wacha hiyo, toto, hiyo ya watalii." Hiyo ya watalii. Miaka arobaini na miwili na neno hilo halijatoka, watalii ndio wanaotazama, sisi ndio tunaotazamwa, akaja Guangzhou miaka kumi na nne na hakuwahi kutazama kitu ila akigeuze kuona bei… na siku ile ya tatu akatembea, akavuka daraja, hakuuliza bei ya kitu, mkono uliwasha kwanza kama mkono wa mvutaji aliyeacha sigara, akapita mtaa wenye kaa mkubwa wa kutengeneza juu ya mlango akichezesha miguu, na chini yake mama mmoja mzima anakaanga, harufu ikamshika Sihaba shingoni, pweza, wallahi pweza, wamemkata vipande, wamemviringishia unga, wanamgeuza kwa kijiti kama sisi tunavyogeuza vitumbua, hata kikaango ni kile kile cha mashimo, akaomba asitiliwe mchuzi, asiyeujua mchuzi asiule, akapewa sita, akakaa kwenye ngazi za kando ya mfereji, akala moja ikamuunguza, akala ya pili, na palikuwa na mzee wa Kijapani na mkewe wamevaa kofia zinazofanana, nao wageni, wamekuja kutoka mji wao kutazama mji mkubwa, yule mzee akamjia na kamera, akaonyesha kamera, akamwonyesha yeye, akaonyesha mkewe, na Sihaba akaelewa, tupige, dada, akawapiga, tatu, ya tatu kwa makusudi wakiwa wanacheka, halafu yule bibi akaonyesha simu ya Sihaba, akamwonyesha Sihaba mwenyewe, akainua nyusi, akangoja. Akangoja! Aliuliza. Nikupige? Na Sihaba, mdomoni ana pweza, akaitika kwa kichwa, ndiyo, nipige, akanyoosha mtandio, akakaa wima kama mwenye mji… na baada ya hapo alitembea saa tano nyingine, hakununua hata pini, akatazama maji, akatazama watu wakipanga foleni kwenye mistari iliyochorwa chini, akamtazama mtoto akigombana na baba yake kwa ajili ya aiskrimu, na alijua njia, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho aliijua njia, akarudi hotelini kwa miguu yake saa kumi na moja bila kumuuliza mtu, na sasa aandike kwamba alipotea? Siku moja katika miaka hamsini na mbili alipokuwa mahali alipotaka kuwa, hiyo ndiyo aitilie sahihi kwamba alipotea, na uongo wa mashine za kushonea upate mdogo wake, na kwa nini, kwa dazeni mia tatu za vigauni? Ziende. Shisanhang ina maduka mengi, sikukuu ina mwaka ujao, laoban amkasirikie, alishakasirikiwa na wakubwa zaidi… na kitu fulani kifuani, kilichokuwa kimekunjwa tangu Shangani, kilikunjuka, akakisikia kabisa, kama robota linapokatwa kamba likavimba.

Kalamu bado iko mezani. Karatasi bado iko pale, kidole cha Murshid bado kiko juu yake, Kauthar bado ameshika pindo la buibui, na Sihaba akatoa simu, akaitafuta picha, akaiweka juu ya karatasi, juu ya neno lenyewe la kupotea, mwanamke kwenye ngazi, shavu limejaa, kijiti mkononi, amenyooka. "Mtazame huyu, Murshid. Huyu amepotea?" Murshid akatazama. "Mama, hiyo picha haina—" "Ngoja nimalize. Sikupotea. Nilitoka kwa miguu yangu, kwa kutaka kwangu, baada ya mabirika yako ya Foshan, na kumi na moja tulikuwa mle, uwaite uwaulize. Tulipatana nini? Mtu arudi, alete muhuri. Habari ya kutembea peke yangu hatukupatana. Na kwa kuwa mlango uko wazi na watu wanasikia," na hapa akageukia koridoni, macho yote ya marobotani yalikuwa kwake, "wasikie na hili. Kule sikwenda kuangalia mashine za kushonea. Niliwadanganya. Nilikwenda kutalii." Kisha mtu kule nje akacheka, na mwingine, na sauti ya Maulid, ikitoka nyuma ya robota, "Hongera, Bi Sihaba mtalii! Wapi kofia?" na kicheko kikapasuka korido nzima, na Kauthar naye, msaliti, anaziba mdomo kwa mtandio, na Sihaba alingoja kile kicheko kimchome, alikuwa amekiogopa wiki nzima, akangoja, hakikumchoma, kilimpitia kama upepo wa feni, akajikuta anacheka nao, mtalii, ndiyo, mie, na saa ukutani inasema sita na robo, na metro ni dakika thelathini, na hata asipowahi, sawa. Mkono wa Murshid umehamia kwenye droo, haujaifungua, macho yake yanakimbia kutoka mlangoni hadi kwenye picha na kurudi. "Mama, basi tuseme kumi na tano, tusiharibiane jina…"

"Elfu ishirini, Murshid. Nihesabie."