Kazi ya Kajiado Haifanyiwi Kitengela

Mama mwenzangu, kama uko na mtoto wa kazi ya kompyuta, soma hii. Mimi nilifika darasa la nane tu, lakini haya nimeyaelewa kwa uchungu.

Msichana wangu Munyiva alikuwa kwa majaribio ya miezi mitatu katika kampuni ndogo ya intaneti. Ilibaki wiki moja waamue kama watamwajiri. Mashini yao iko Kajiado, na ndani yake kuna kadi ya mtandao yenye akili yake. Lakini kadi hiyo ilikuwa inapitisha data tu, kazi yote inabebwa na mashini, na kila jioni intaneti ya watu inakwama. Bosi wake, Kiragu, akamwambia, "Jumamosi asubuhi nenda Kajiado ubadilishe modi, kadi ianze kubeba kazi yenyewe."

Sisi tunakaa Kitengela, na mimi naogopa barabara ya Namanga inayoenda huko. Malori ya mawe, boda boda, wiki haiishi bila kusikia mtu amegongwa.

"Si unaweza kuingia kwa hiyo mashini ukiwa hapa kwa kiti?" nikamuuliza.

"Naweza, mwaitu," akasema, ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. "Lakini modi ikibadilika lazima niwe pale."

"Si kuna mlinzi huko wa kukusaidia?"

Nikamsumbua siku tatu mpaka akachoka, akakubali kubaki.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi akaandika maagizo yake kwa kompyuta, mezani petu, chai iko kando. Modi mpya haishiki mpaka umeme ukatwe kabisa, kwa hivyo akampigia mlinzi, Muema, achomoe waya, angoje kidogo, arudishe.

"Imewaka, madam. Taa ni ya kijani."

Munyiva akajaribu kuingia. Akajaribu tena. Chai ikapoa.

"Kadi imeshika modi," akaniambia polepole. "Sasa inangoja kuambiwa impitishe nani. Na mimi nilikuwa naingilia kwa hiyo hiyo kadi, kwa hivyo imenifungia nje." Akarudi kwa simu. "Muema, kuna kibodi hapo. Unaweza kuandika nikikusomea?"

"Madam, mimi nalinda geti. Nikigusa hii tena, Kajiado yote itanililia mimi."

Na Kajiado ilikuwa imeshaanza kulia. Maduka hayana intaneti, shule haina. Saa mbili Kiragu akapiga.

"Munyiva, uko wapi?"

Akaniangalia. "Kitengela, bosi."

"Kitengela unafanya nini?"

Hakunitaja.

Akatoka mbio kwa barabara ile ile niliyomkataza, bila kunywa kitu. Alifika saa tatu na nusu. Akiwa mbele ya mashini, kuiambia kadi impitishe nani kulimchukua dakika kumi. Mpaka leo inafanya kazi, jioni haikwami.

Ijumaa iliyofuata Kiragu akamwita. "Kazi uliijua. Lakini nilikutuma mahali na hukuenda." Hawakumwajiri.

Nilitaka kumpigia huyo Kiragu nimwambie ni mimi. Munyiva akachukua simu mkononi mwangu.

"Mwaitu, tafadhali. Watasema mimi naendeshwa na mama."

"Lakini ni ukweli."

"Ndio maana usiseme."

Amekaa nyumbani miezi miwili sasa. Nikimpikia anakula, nikimuuliza anajibu, lakini habari zake siku hizi nazipata zikiwa zimekwisha. Jana alipiga simu, nikasikia upepo na kelele za gari. Ameitwa kwa mahojiano ya kazi mbali huko Ewuaso Kedong, akasema, na ameshapita nusu ya njia.